Waganga wawili, mgonjwa mmoja: dawa za VVU mkoani Tanga

Katika vijiji vingi vya Tanga familia haina daktari wake mmoja. Ina waganga wawili. Wa kwanza ni mganga wa zahanati, yaani tabibu au muuguzi anayekupima na kukuandikia dawa. Mkuu wa kituo chake huitwa mganga mfawidhi. Wa pili ni mganga wa kienyeji, ambaye siku hizi serikali humwita mganga wa tiba asili. Lugha yetu imewapa jina moja, na mgonjwa naye huwaendea wote wawili, pengine ndani ya wiki moja.

Kwa mafua au kidonda kidogo, jambo hilo laweza kupita bila madhara. Kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI (VVU), ni suala la uhai. Dawa za kufubaza virusi, ambazo wengi tunaziita ARV, humezwa kila siku kwa maisha yote. Neno moja la mtu unayemwamini, "hebu ziache kwanza hizo dawa", linaweza kubomoa afya iliyojengwa kwa miaka. Na karipio moja dirishani kwa nesi linaweza kumfanya mgonjwa asirudi tena.

Makala haya yanaeleza waganga hawa wawili wanazionaje ARV na mitazamo yao imetoka wapi. Yanaeleza pia mkoa wa Tanga ulifanya nini ambacho mikoa mingi haikufanya, na wewe unayetumia dawa umwambie nini kila mmoja wao.

Pangani, mwaka 1990

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligundulika mwaka 1983 mkoani Kagera. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Tanga ilikuwa na njia nyingi za kuingiza ugonjwa: barabara kuu inayopita Segera, bandari, mashamba ya mkonge yenye vibarua kutoka mbali, na madago ya wavuvi ambako mtu hukaa wiki nyingi bila mke wala mume.

Wakati huo daktari wa wilaya hakuwa na dawa ya kupambana na virusi vyenyewe. Alichoweza ni kutibu magonjwa nyemelezi, yale yanayomvamia mtu ambaye kinga yake imeshuka: kifua kikuu, kuharisha kusikokoma, utando mweupe mdomoni, mkanda wa jeshi. Mara nyingi hata dawa za magonjwa hayo hazikutosha. Wagonjwa wengi walirudishwa nyumbani wakaugulie huko.

Katika hali hiyo madaktari wa Hospitali ya Wilaya ya Pangani walifanya jambo ambalo wenzao wengi wasingelikubali. Mwaka 1990 walianza kushirikiana na mganga mmoja mzee wa hapo hapo Pangani, aliyekuwa akiwapa wagonjwa mitishamba. Waliona kwamba baadhi ya waliotumia dawa zake walipata tena hamu ya kula, waliongezeka uzito, homa ilipungua na vipele vya ngozi vikakauka. Badala ya kumcheka, walimkaribisha. Ushirikiano huo ukafika Hospitali ya Mkoa ya Bombo mjini Tanga, na ukazaa kundi lililojulikana kwa jina la Tanga AIDS Working Group, kwa kifupi TAWG.

TAWG haikutangaza kwamba imepata dawa ya kuponya UKIMWI. Mitishamba ile ilitumika kupunguza dalili na kumpa mgonjwa nafuu, basi. Faida kubwa zaidi ilikuwa mazungumzo yenyewe. Waganga wa kienyeji walifundishwa namna virusi vinavyoambukizwa, kwa nini wembe wa kuchanjia chale usitumike kwa watu wawili, matumizi ya kondomu, na wakati gani mgonjwa apelekwe hospitali. Madaktari nao walijifunza kumsikiliza mtu ambaye mgonjwa alishamsikiliza kabla yao.

Habari za Tanga zilifika mbali. Mwaka 2000 shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, UNAIDS, liliitaja kazi hiyo miongoni mwa mifano ya ushirikiano barani Afrika, na mwaka 2002 Benki ya Dunia iliandika juu yake. Mwaka huo huo wa 2002 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, iliyounda baraza la kuwasajili waganga hao na kuwasimamia.

Kwa nini madaktari wamtafute mganga wa kienyeji? Hesabu inajibu. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika mkakati wake wa mwaka 2002 kwamba Tanzania, Uganda na Zambia zilikuwa na mganga wa jadi mmoja kwa kila watu 200 hadi 400, wakati daktari wa hospitali alikuwa mmoja kwa watu 20,000, pengine zaidi. Mgonjwa humfuata aliye karibu, anayejua ukoo wake, na anayekubali kulipwa baada ya mavuno.

Walipodai hatujui saa

ARV zenye nguvu zilianza kuokoa maisha Ulaya na Marekani tangu mwaka 1996. Huku kwetu hazikufika, kwanza kwa sababu ya bei. Mwaka 2000 dawa za mtu mmoja kwa mwaka ziligharimu zaidi ya dola 10,000 za Marekani. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuziuza kwa dola 350 kwa mwaka, chini ya dola moja kwa siku.

Kizuizi cha pili kilikuwa fikra za watu. Mwaka 2001 Andrew Natsios, aliyekuwa mkuu wa shirika la misaada la Marekani, USAID, alidai kwamba Waafrika wengi hawafuati saa kama watu wa Magharibi, kwa hiyo wasingeweza kumeza dawa kwa wakati. Maneno hayo yalisemwa juu ya watu ambao siku yao hupangwa kwa adhana tano, na kazi yao ya uvuvi kwa maji kujaa na kupwa.

Jibu lilikuja mwaka 2006. Watafiti walikusanya tafiti nyingi na kulinganisha ufuasi wa dawa katika Afrika kusini mwa Sahara na Amerika ya Kaskazini. Katika kila wagonjwa 100 wa Afrika, 77 walimeza dawa zao vizuri. Amerika ya Kaskazini walikuwa 55. Kwa hiyo mgonjwa wa kijijini hashindwi kumeza dawa kwa sababu ya uafrika wake. Akishindwa, mara nyingi kuna sababu inayoonekana: nauli, njaa, kificho, au ushauri mbaya.

Dawa zilipofika, na hofu zilizokuja nazo

Tanzania ilianza kutoa ARV bure katika vituo vya serikali mwezi Oktoba 2004. Vituo vya tiba na matunzo, ambavyo watu wanaviita CTC, vilianzia hospitali kubwa, kisha vikasambaa wilayani na baadaye kwenye vituo vya afya na zahanati.

Lakini miaka ile ya kwanza ilipanda hofu ambayo bado tunaivuna. Sababu zake ni mbili.

Ya kwanza ni kuchelewa. Mwanzoni dawa walipewa hasa wale ambao kinga yao ilishaanguka sana, yaani CD4 chini ya 200. CD4 ni chembe nyeupe za damu zinazoulinda mwili kama askari wa zamu. Wengi walianza dawa wakiwa hoi, wakiwa na kifua kikuu au homa ya uti wa mgongo, na baadhi walifariki ndani ya wiki chache. Majirani walichoona ni mtu aliyeletewa dawa na kisha akafa. Wakasema dawa zimemuua.

Ya pili ni dawa zenyewe. Miongoni mwa vidonge vya mwanzo kulikuwa na dawa iitwayo stavudini. Iliokoa wengi, lakini ikitumika kwa muda mrefu iliwaunguza baadhi yao nyayo, iliwapunguza mafuta mashavuni na miguuni na kuwabadilisha umbo. Mtu alitambulika mtaani kwa kumtazama tu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiondoe.

Mganga wa kienyeji anayewasema vibaya ARV hadi leo, mara nyingi anasimulia aliyoyaona miaka ile. Hasemi uongo, anasema habari za zamani.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Kuanzia mwaka 2013 kila mjamzito mwenye VVU alianza kupewa dawa za maisha yote bila kusubiri CD4 ishuke. Mwaka 2016 ukaja utaratibu wa kupima na kuanza tiba kwa kila anayekutwa na virusi, hata kama hajisikii kuumwa. Na kuanzia mwaka 2019 wengi wamehamia kwenye kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani yake: tenofovia, lamivudini na dolutegravia. Kwenye vikopo na kadi utaona herufi TLD. Madhara yake kwa wengi ni madogo, na hakibadilishi sura ya mtu kama stavudini ilivyofanya.

Somo la Loliondo

Mwaka 2011 Watanzania, na watu wa Tanga wakiwamo, walipanda magari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, mkoani Arusha. Huko mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kama Babu wa Loliondo, alikuwa akigawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Alisema dawa hiyo inaponya VVU, kisukari na magonjwa mengine sugu. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi. Wapo waliotoka wodini kwenda huko, na wapo walioacha ARV wakiamini wamepona.

Hakuna mtu aliyethibitika kupona VVU kwa kikombe kile. Walioacha dawa, virusi vilirudi kuzaliana mwilini. Waliobahatika walirudi CTC na kuanza upya. Wengine walichelewa.

Ipo sababu ya mtu kudanganyika katika jambo hili, na si ujinga. Mtu anayemeza ARV vizuri hujisikia mzima. Akinywa dawa nyingine na kuacha vidonge, bado atajisikia mzima kwa wiki au miezi, kwa kuwa kinga iliyojengwa na ARV haianguki siku moja. Katika muda huo anaamini kikombe ndicho kilichomponya. Kumbe anakula akiba, na siku akiba itakapokwisha ataanguka.

Mganga wa kienyeji: misimamo mitatu

Waganga wa kienyeji hawafanani. Ukiwasikiliza, utakuta misimamo mitatu.

Wa kwanza anadai anaponya VVU kabisa. Huyu atakutaka uache ARV "ili dawa zisigombane", na mara nyingi bei yake ni kubwa, ng'ombe au mamia ya maelfu ya shilingi. Mpaka leo hakuna dawa ya kienyeji wala ya kisasa inayojulikana kuwaondolea watu VVU kwa kunywa. Mganga anayekutaka uache vidonge, muage kwa heshima na uondoke.

Wa pili hana neno na virusi; yeye anasema umerogwa, una majini, au umevunja mwiko. Ataleta ramli, mafusho au kombe. Katika mambo ya imani kila mtu ana njia yake, na mtu anaweza kuombewa au kusomewa huku akimeza dawa zake. Hatari inakuja pale maelezo ya uchawi yanapochukua nafasi ya kipimo: kijana anayekohoa na kukonda anazungushwa vilingeni miezi sita, na anapofika kupimwa hawezi kusimama.

Wa tatu ndiye aliyezaliwa na mazungumzo ya aina ya Pangani. Anamtibu mtu kichefuchefu, vipele au kukosa hamu ya kula, anajua mpaka wa kazi yake, na akiona dalili asizozipenda humwambia mgonjwa: "Nenda kapime kwanza, kisha urudi tuzungumze." Mganga wa namna hii ni msaada mkubwa kwa zahanati, kwa sababu ujumbe wake unaaminika kuliko bango la ukutani.

Mganga wa zahanati naye ana la kujifunza

Ni rahisi kumlaumu mganga wa kienyeji peke yake. Lakini mtazamo wa mhudumu wa zahanati nao unaweza kumweka mgonjwa kwenye dawa au kumwondoa.

Tuchukue mfano wa mvuvi wa Kipumbwi aliyekwenda dago wiki tatu, dawa zikamwishia huko. Anarudi CTC akiwa amekosa siku kumi. Akipokewa kwa maneno ya "wewe ni mtoro, unajiua mwenyewe", safari ijayo atasema uongo kwamba hakukosa hata siku moja, au hatakuja kabisa. Akiulizwa "dago linachukua muda gani, tukupe dawa za kutosha?", tatizo limekwisha. Utaratibu wa sasa unaruhusu mgonjwa aliye imara kupewa dawa za miezi 3 na hata 6 kwa mkupuo, na wavuvi, wachungaji na vibarua wa mkonge ndio wanaouhitaji zaidi.

Mambo ni hayo hayo kwa mitishamba. Mhudumu akicheka au kukemea pindi mgonjwa anapotaja mganga wa kienyeji, mgonjwa hataacha mitishamba, ataacha kuitaja. Hapo tabibu anabaki gizani, hajui kwa nini ini au figo za mgonjwa wake zinasumbua.

Yupo pia mhudumu anayevujisha siri. Hili ni kosa kisheria. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya mtu, na inataka upimaji uwe wa hiari isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na sheria. Tangu marekebisho ya mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kuridhia mwenyewe kupimwa, na mtu mzima anaweza kujipima kwa kifaa maalumu. Jibu la kujipima likionyesha virusi, lazima lithibitishwe kituoni.

Dawa hizi zinafanya kazi gani hasa

VVU huingia ndani ya chembe nyeupe na kuzigeuza kiwanda cha kuzalisha virusi vingine. ARV hukizuia kiwanda hicho. Virusi haviishi vyote. Vichache hujificha vikalala. Ndiyo maana ukiacha dawa huamka, na ndiyo maana tunasema dawa za kufubaza, hatusemi za kuponya.

Ukimeza kila siku, wingi wa virusi kwenye damu hushuka hadi kipimo kisiweze kuviona. Hapo mambo mawili hutokea. Kinga yako inapanda na unaweza kuishi miaka mingi, ukalima, ukavua, ukazeeka na kuona wajukuu. La pili, humwambukizi mwenza wako kwa njia ya kujamiiana. Utafiti uliofanyika katika nchi tisa, zikiwamo Kenya na Malawi, ukihusisha wenza 1,763 ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, ulionyesha mwaka 2011 kwamba kuanza dawa mapema hupunguza maambukizi kwa zaidi ya asilimia 90. Leo Shirika la Afya Duniani linasema wazi: mwenye virusi visivyoonekana kwenye kipimo, na anayeendelea na dawa, hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Kondomu bado ina kazi ya kuzuia magonjwa mengine ya zinaa na mimba isiyopangwa.

Kwa mama mjamzito na anayenyonyesha, dawa hupunguza sana hatari ya mtoto kuambukizwa, na mtoto naye hupewa dawa ya kinga baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo mkunga wa jadi anayempeleka mjamzito kliniki mapema anaokoa watu wawili.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kuwa asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU, karibu watu milioni moja na nusu. Miongoni mwao, asilimia 82.7 walijua hali zao. Kati ya waliojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa; na kati ya walio kwenye dawa, asilimia 94.3 walikuwa wamefubaza virusi. Kundi kubwa lililobaki nyuma ni la wale ambao hawajapima. Hao hawajafika CTC, lakini wengi wao huenda wameshapita kwa mganga wa kienyeji.

Mitishamba na vidonge ndani ya tumbo moja

"Mti ni mti tu, hauna kemikali," husema wengi. Lakini mti unaotibu una kitu ndani yake kinachofanya kazi mwilini, la sivyo usingetibu. Kitu hicho kinaweza kukutana na vidonge. Angalia mambo manne.

Figo na ini. Tenofovia hutolewa mwilini kupitia figo, na baadhi ya mitishamba huumiza figo au ini. Ukiona mkojo umepungua sana, macho ya njano, au uvimbe wa miguu na uso, nenda kituoni upesi na useme kila ulichokunywa.

Dawa za kutapisha na kuharisha. Zinaweza kukitoa kidonge kabla mwili haujakinyonya. Kuharisha sana pia hupunguza maji mwilini na kuzibebesha figo mzigo.

Dawa za tindikali na vidonge vya madini. Hapa si mitishamba bali dawa za dukani, na wengi hawajui. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu hushikamana na dolutegravia tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu. Meza kidonge chako cha VVU saa 2 kabla ya dawa hiyo, au subiri saa 6 baada yake. Vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu vina tabia hiyo pia, lakini vinaweza kumezwa pamoja na ARV ikiwa unakula chakula wakati huo huo. Wajawazito, ambao hupewa vidonge vya chuma, muulizeni muuguzi.

Kifua kikuu na kisukari. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini hupunguza nguvu ya dolutegravia, hivyo tabibu huongeza dozi. Dolutegravia nayo huongeza metifomini mwilini kwa mwenye kisukari, na dozi yake huangaliwa. Usijirekebishie mwenyewe.

Maswali ya wasikilizaji

Je, nikifunga Ramadhani? Kidonge kimoja kwa siku kinaweza kumezwa usiku, wakati wa futari au daku. Chagua wakati mmoja na uushike mwezi mzima. Zungumza na CTC kabla ya mwezi kuandama, hasa kama unatumia dawa nyingine au afya yako haijatengemaa.

Nimesahau dozi, nifanyeje? Meza unapokumbuka. Ikiwa wakati wa dozi nyingine umekaribia sana, endelea na ratiba yako. Usimeze mbili kwa mpigo kufidia.

Niko safarini na dawa zimekwisha. Ingia CTC yoyote iliyo karibu ukiwa na kadi yako, ueleze. Piga kadi picha uihifadhi kwenye simu kwa siri, isije ikapotea.

Niliacha dawa miaka miwili iliyopita, wataninyima? Hapana. Rudi. Watakupima upya na kuamua uanze na nini. Kila wiki unayosubiri kwa aibu, virusi vinazidi kuongezeka.

La kumwambia kila mganga

Kwa mganga wa kienyeji, sema mapema na kwa adabu: "Babu, shikamoo. Mimi natumia dawa za hospitali za kila siku na sitaziacha. Nimekuja kwa ajili ya hili tumbo tu. Hii dawa ni ya mti gani, inywewe kiasi gani, na inaharisha?" Muulize kama amesajiliwa. Ukichanjwa chale, wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele yako.

Kwa mganga wa zahanati, sema vivyo hivyo: "Daktari, pamoja na vidonge nakunywa mizizi fulani, nilianza wiki iliyopita." Kama unaweza, chukua kipande cha mti au jina lake. Uliza pia: "Kipimo changu cha wingi wa virusi kilitoka lini, na kilisomaje?" Namba hiyo ndiyo inayosema ukweli kuliko sura, uzito au maneno ya mtu. Mganga yeyote akidai amekuponya, mwambie asubiri namba hiyo, huku ukiendelea kumeza.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa mwenye VVU anayewaendea waganga wawili, kuficha kuko kwa namna mbili: kumficha wa zahanati mitishamba, na kumficha wa kienyeji vidonge. Madaktari wa Pangani walianza mwaka 1990 bila dawa yoyote ya virusi, wakiwa na ujasiri wa kuzungumza na mzee jirani. Leo dawa ipo na ni bure. Mazungumzo hayo sasa unaweza kuyaanza wewe mwenyewe, kwa kila mganga unayemwendea, huku kidonge chako ukikimeza leo usiku kama ulivyokimeza jana.